Farasi aliyewahi kuumia mguu, nimchukue au niache?

Umesema farasi unayetaka kumnunua aliumia kano (ule mshipa mgumu unaoshika msuli kwenye mfupa) ya mguu wa mbele mwaka jana na muuzaji anadai kapona kabisa, sawa, ila maneno ya muuzaji unayajua mwenyewe. Kano ikichanika inaziba kwa kovu, na kovu halivutiki kama zamani, ndo maana wengi wanaumia tena palepale. Tafuta daktari wa mifugo wako, sio wa kwake, apige ultrasaundi, aukunje mguu kama dakika moja hivi halafu farasi akimbizwe mdogomdogo kwenye ardhi ngumu muone kama anachechemea. We pitisha kiganja nyuma ya miguu yote miwili ya mbele, ukihisi mmoja una joto au kauvimbe, achana naye. Wa kutembelea taratibu anaweza kukufaa, wa kuruka viunzi mi nisingetoa hela.