Elektroni zako zinapoa? Angalia tungamo la gesi kwanza

Juzi dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili ya fizikia ameniandikia kuhusu simulesheni yake ya plazma, yaani gesi yenye elektroni huru na ioni (atomu zilizopoteza elektroni): “Kaka, nimefuata ushauri wako: nimewasha mgongano nyumbufu (wa kudunda tu) peke yake, kwenye heliamu, lakini elektroni zangu zinapoa hata kabla sijamaliza kunywa chai. Nimepunguza msongamano wa gesi, nimeongeza volti, wapi! Nisaidie.”

Nimeshamjibu, ila jibu lenyewe linawahusu wengi. Najua mnaosoma hapa mnataka ninachokitaka mimi: simulesheni ya plazma ambayo mtaalamu yeyote duniani akiikagua hatakuwa na la kubisha.

Programu kama WarpX, iliyoanzia Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley kule California, hufuatilia elektroni na ioni chembe kwa chembe. Atomu za gesi iliyojaa chumbani haizifuatilii. Kwake gesi ni namba tatu tu: msongamano, halijoto na tungamo la atomu moja. Katika kila hatua ya wakati inapiga kura kuchagua chembe chache, kisha kwa kila iliyochaguliwa inaamua kama imedunda tu, imesisimua atomu, imeing'oa elektroni, au ni mgongano hewa, yaani hakuna kilichotokea.

Sasa tazameni hiyo namba ya tatu. Msipoandika mstari wa background_mass (tungamo la atomu ya gesi) kwenye faili la maelekezo, WarpX haigomi. Kama mmewasha uionishaji, yaani mgongano unaong'oa elektroni kwenye atomu, inachukua tungamo la ioni inayozaliwa, na mambo yanakwenda sawa. Kama hamjauwasha, inachukua tungamo la chembe inayogonga. Kwa dada yetu chembe inayogonga ni elektroni, kwa hiyo atomu zake zote za heliamu zilikuwa na tungamo la elektroni! Elektroni ikigonga atomu halisi ya heliamu hupoteza kwa wastani takriban sehemu moja kati ya 3,600 ya nishati yake, ndiyo maana inaweza kugongana mara nyingi na bado ikapanda hadi elektronivolti 24.6 zinazohitajika kuionisha. Ikigonga kitu chenye tungamo sawa na lake hupoteza nusu. Elektroni zinazoanza na kelvini 30,000 zitashuka kuelekea kelvini 300 za gesi katika migongano ya kuhesabika, na hakuna volti itakayoziokoa kwa haki. Dawa ni mstari mmoja: background_mass = 6.65e-27, kwa kilogramu. Uandikeni kila mara, hata pale programu inapoweza kujijazia yenyewe.

Haya sikuyapata darasani. Kuna mkutano mmoja nilipowasilisha mpango wangu, na mkubwa mmoja, mtu niliyemheshimu sana, akasema mbele ya wote kwamba kazi hizi ni za wenye kompyuta kubwa, mimi nitafute kitu cha saizi yangu. Niliumia, na sitasema kwamba nimesahau. Nilirudi nikafungua matokeo ya mwaka 2013 ya mwanafizikia wa plazma Miles Turner na wenzake, waliochukua programu 5 zilizoandikwa kila moja kivyake, wakazipa hali 4 za heliamu kati ya sahani mbili zilizoachana sentimita 6.7, kwa frikwensi ya megahezi 13.56, zikatoa majibu yasiyotofautishika. Hali ya kwanza ina gesi ya atomu 9.64 × 10²⁰ kwa kila mita ya ujazo, volti 450, na vyumba 128 tu vya gridi, yaani vipande vya nafasi iliyo kati ya sahani. Hiyo inaendeshwa kwenye kompyuta ya mapajani, mwelekeo mmoja tu, ukiiacha inguruma usiku. Siku mkunjo wangu wa msongamano wa ioni ulipolala juu ya mkunjo wao, nilinyanyuka kitini nikamwita kila aliyekuwa karibu aje aone. Bado nina picha ile, na najivunia.

Kwa hiyo ndugu zangu, msikubali kuambiwa saizi yenu na mtu ambaye hajafungua faili lenu. Lakini na nyinyi lifungueni! Vijana wengi matokeo yakiwa mabaya wanakimbilia kupotosha msongamano na volti mpaka grafu ipendeze. Hiyo si sayansi. Anzeni na hali ambayo jibu lake linajulikana, msibadilishe namba hata moja, na kinachotofautiana kitafuteni kwenye migongano.

Na mkitafuta, someni vichwa vya majedwali. Majedwali ya maeneo ya mgongano, yanayoonyesha uwezekano wa kila aina ya mgongano kwa kila nishati, tunayachukua LXCat, hazina ya data ya mtandaoni, bure. Jedwali lililoandikwa EFFECTIVE tayari limejumlisha kusisimua na kuionisha ndani yake. Ukiliweka mahali pa mgongano nyumbufu halafu ukaongeza ya kusisimua kando, umehesabu mara mbili. Tafuta lililoandikwa ELASTIC. Kwa ioni, angalia nishati imepimwa vipi. Ioni ya heliamu ikigonga atomu ya heliamu iliyosimama, nishati inayohesabiwa kwenye kitovu cha tungamo la wawili hao ni nusu ya ile ya ioni yenyewe. Ukichanganya hizo mbili, ioni zako zitasoma jedwali mahali pasipo pake, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaokuonya.

Hatua ya wakati nayo izidishwe kwa kasi ya juu kabisa ya migongano (migongano kwa sekunde), na jibu libaki chini ya 0.1; likizidi, chembe moja yaweza kustahili kugongana mara mbili ndani ya hatua moja na programu inahesabu mara moja.

Mkikwama nitumieni faili la maelekezo pamoja na majedwali yenyewe. Picha ya grafu peke yake msinitumie, kwa sababu tungamo la atomu halionekani kwenye grafu.