Vipindi rekebishi: tutajuaje kama vinasaidia?

Watoto 40 wa darasa la nne waliokuwa nyuma katika kusoma wamepewa vipindi rekebishi muhula mzima, na wengi wamepanda. Tuwaambie wazazi tumefanikiwa? (Mwalimu Mkuu, Singida)

Bado, Mwalimu. Hata bila vipindi hivyo wangepanda kiasi, kwa kuwa darasani waliendelea kufundishwa. Tena mliwachagua kwa alama za siku moja. Aliyekuwa na homa siku hiyo akipimwa tena hupanda mwenyewe. Muhula ujao andikeni majina ya wote walio chini ya kiwango kwenye vikaratasi, mvichanganye na kuvichota bila kuangalia: nusu waanze sasa, nusu wasubiri zamu yao. Mwishoni wapimeni wote wiki ileile. Tofauti kati ya makundi mawili ndiyo iliyoletwa na vipindi.

Anayepima asiwe aliyewafundisha, wala asijue mtoto yuko kundi lipi. Watoro nao wapimwe, wahesabiwe katika kundi walilopangiwa. Mkiwaacha, mtabaki na wenye bidii peke yao na matokeo yatawapotosha. Na kwa watoto 20 kila upande, tofauti ndogo yaweza kuwa bahati tu. Unganeni na shule nyingine za kata.

Tunaweza kutumia mtihani wa muhula? (Mwalimu wa taaluma, Kigoma)

Hapana. Asiyejua kusoma hupata sifuri mwanzo, na hata akishajua silabi na maneno bado atapata sifuri, kwa hiyo hatua yake haitaonekana. Mpimeni mmoja mmoja kwa mdomo: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili yenye maswali mawili ya ufahamu. Aandikiwe ngazi ya juu aliyoiweza. Andaeni hadithi mbili zenye ugumu sawa. Nusu ya watoto waanze na ya kwanza, nusu na ya pili, kisha mzibadilishe mwishoni. Hadithi ileile ikirudiwa, mtapima kumbukumbu.

Walimu wetu walihudhuria semina ya kufundisha kusoma na wote wakajaza kwamba wameridhika. Hilo si kipimo? (Afisa Elimu Kata, Lindi)

Ni kipimo cha semina, si cha ujifunzaji. Tazama kilichotokea India, ambako shirika la Pratham lilibuni njia ya kuwapanga watoto kwa uwezo badala ya darasa. Katika jimbo la Bihar, walimu wa serikali waliofundisha kwa njia hiyo kwenye kambi za likizo mwaka 2008 waliwainua watoto. Lakini mafunzo na vifaa vilipopelekwa shuleni bila nyongeza nyingine, matokeo hayakubadilika: darasani walimu walirudi kukimbizana na mtaala. Njia walikuwa wanaijua, ila ratiba haikuwapa nafasi ya kuitumia. Baadaye jimbo la Haryana lilitenga saa nzima ya kila siku kwa kazi hiyo, likawapanga watoto kwa uwezo na kuwaandaa wasimamizi wafuatilie. Kusoma kukapanda.

Kwa hiyo kabla ya kuomba semina nyingine, uliza ratiba imetenga muda gani kwa kazi hiyo. Ingia darasani bila taarifa, ukae kipindi kizima, uhesabu dakika ambazo watoto wenyewe wanasoma, siyo zile za kumwitikia mwalimu kwa pamoja. Rudi baada ya wiki sita. Dakika zikiwa zilezile, usitarajie alama zibadilike, na kosa si la watoto.

Nalipa tuisheni kila mwezi. Nitajuaje kama inamsaidia mwanangu? (Mama wa darasa la tatu, Mombasa)

Mama, mpe aya ya kitabu cha darasa la pili ambayo hajawahi kuiona, asome kwa sauti, kisha akueleze alichosoma. Andika tarehe na maneno aliyokwama. Rudia baada ya mwezi kwa aya nyingine ya kiwango hicho. Muulize pia mwalimu wake: anaanzia pale mtoto alipokwama, au anarudia somo la shuleni? Kama anakwama kwenye silabi na tuisheni inarudia mada za darasa la tatu, mwombe mwalimu arudi kwenye silabi. Akikataa, tafuta mwingine.