Barua kwa mwanangu: kazi ya jioni na madeni yako matatu

Mwanangu,

Barua yako imefika na tumeisoma wote wawili, mimi na baba yako, kwa hiyo usishangae ukikuta humu maneno yanayofanana na yake. Huku hatujambo.

Umeuliza mambo mawili ndani ya swali moja. Una madeni matatu, la benki, la mkopo wa simu na la shangazi yako, na marejesho yanakula karibu nusu ya mshahara. Unataka jioni ukitoka kazini uwaandikie hesabu wafanyabiashara wadogo, na hicho utakachopata kilipe madeni. Halafu, kwa kuwa huna kompyuta yako mwenyewe, unauliza kama ukope mara ya nne ili uinunue. La kwanza nakuitikia. La pili nalikataa.

Mkopo una tarehe, mteja hana. Huyo wa kukupa fedha ya kompyuta atadai mwezi ujao, wakati wewe bado unazunguka kutafuta wa kukuamini na vitabu vyake. Duka dogo linaweza kutunzwa hesabu zake kwenye leja ya karatasi: mauzo, manunuzi, wanaodaiwa, wanaodai. Ulianza kujifunza hivyo hivyo. Wakishakuwepo wateja wawili watatu wanaolipa bila kusumbua, malipo yao ya mwanzo yanaweza kununua kompyuta iliyotumika, kwa fedha taslimu. Kazi inayokufaa sasa ni ile inayotumia ulichonacho kichwani na mikononi.

Umesema pia unaogopa kwamba kipato cha jioni kitakuwa kidogo mno kuleta tofauti. Hapo nataka tukae kidogo, maana wengi hukata tamaa hapa kwa kutopiga hesabu. Tuseme deni ni 1,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya salio, nawe unarejesha 40,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, 30,000 zinakwenda kwenye riba na deni lenyewe linapungua 10,000 tu. Kwa mwendo huo unamaliza mwezi wa 47, ukiwa umetoa karibu 1,880,000. Sasa ongeza 20,000 za kazi ya jioni, urejeshe 60,000. Riba ya mwezi wa kwanza ni ileile, ila deni linapungua 30,000, mara tatu ya mwanzo. Unamaliza mwezi wa 24, na jumla uliyotoa ni kama 1,410,000. Umeongeza nusu ya rejesho na muda umekatika nusu. Nyongeza haigawani na riba, inakwenda moja kwa moja kwenye deni la msingi, na mwezi unaofuata riba inapigwa juu ya kiasi kidogo zaidi.

Hesabu hiyo inashika pale tu riba inapofuata salio. Kuna mikopo ambayo riba yake hupigwa tangu siku ya kwanza juu ya kiasi chote ulichokopa, na inabaki palepale hata ukiwa umebakiza kidogo. Kwenye mkopo wa namna hiyo kuwahi kulipa hakukuokolei kitu, isipokuwa mkataba useme utapunguziwa. Kwa hiyo kabla hujampata mteja hata mmoja, nenda benki na mkataba wako uulize: riba inapigwaje? Kuna adhabu ya kulipa kabla ya wakati? Nikileta zaidi ya rejesho, ziada inapunguza deni la msingi au mnaihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao nililotanguliza? Jibu la swali la mwisho lichukue kwa maandishi. Wapo wanaopokea ziada kwa tabasamu na kuiweka pembeni, riba ikaendelea kama kawaida.

Katika matatu hayo, pa kuanzia ni mkopo wa simu, ingawa ndio mdogo kuliko wa benki na haukunyimi usingizi sana. Ada ya asilimia 10 kwa siku 30 inaonekana si kitu. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba ukiulipa leo unaukopa tena kesho. Ukifanya hivyo mwaka mzima umelipa ada ya asilimia 120, yaani zaidi ya fedha yenyewe uliyokopa, na deni bado liko palepale. Benki mpe rejesho lake la kawaida bila kukosa hata mwezi mmoja, kwa sababu kule kuna mdhamini aliyeweka sahihi yake kwa ajili yako. Ziada yote ielekee kwenye simu mpaka iishe, kisha ihamie benki. Deni la shangazi halina riba, ila lina uso. Usimkwepe. Mpelekee kidogo kila mwezi, hata kama ni kidogo cha kuona haya, na umwambie lini utaanza kumpa zaidi. Nakujulisha tu kwamba aliwahi kuniuliza, na sikumjibu, kwa kuwa jibu ni lako.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Bei unayomtajia mteja siyo unachopata. Akikulipa 30,000 kwa mwezi, toa nauli 8,000, toa bando na karatasi 4,000, umebaki na 18,000. Sasa hesabu saa, siyo za kuandika tu, bali na za njiani, na zile za kumsubiri atafute risiti, na za kumkumbusha alipe. Zikifika 12, saa yako moja ni 1,500. Linganisha na ovataimu ya hapo ulipoajiriwa. Kama mwajiri wako anatoa ovataimu yenye malipo bora kuliko hayo, iombe kwanza, huna nauli ya ziada wala mdaiwa wa kumkimbiza. Baba yako anasema nikuandikie hilo kwa herufi kubwa, lakini naamini unasoma vizuri.

Wateja wachague walio karibu na nyumbani au kazini. Kubaliana mapema kazi inaishia wapi, maana mwenye duka akishakuzoea atakuomba umsaidie na barua, na simu, na kumfundisha kijana wake. Omba nusu kabla ya kuanza. Fedha ambayo mteja ameahidi usiiweke kwenye mpango wa marejesho. Iweke siku ikiwa mkononi. Na ikifika, ipeleke kwenye deni siku hiyohiyo. Ikilala kwenye akaunti moja na mshahara itageuka kuwa matumizi na hutaona ilikopitia. Wala usiufanye mshahara wenyewe ulegee kwa kuwa sasa kuna kipato kingine. Umeuliza kama ubane matumizi au utafute kazi ya ziada: fanya vyote viwili, ila kubana kuna mwisho, huwezi kushuka chini ya kodi ya nyumba na chakula.

Soma pia mkataba wako wa ajira. Baadhi ya waajiri wanakataza kazi nyingine bila ruhusa, au kazi inayogongana na yao. Usitumie kompyuta ya ofisini wala saa za ofisini kwa wateja wako, hata kwa dakika chache. Mshahara ndio unaobeba marejesho yote, ukiupoteza kwa ajili ya kibarua cha jioni umeuza ng'ombe kununua kamba. Kipato hicho nacho kinaweza kuwa na kodi, kwa hiyo andika kila kinachoingia na kinachotoka, uulize mamlaka ya kodi unakoishi inataka nini, na utenge sehemu yake kabla hujaigusa.

Yule mfanyakazi mwenzako anayekuambia uweke fedha kisha ulete watu wawili, nao walete wawili wawili, mwambie hapana na usimpe sababu ndefu. Anza na mtu mmoja, kila mtu alete wawili. Kufikia mzunguko wa 33 wanahitajika watu zaidi ya bilioni 8. Dunia nzima haitoshi. Wanaolipwa wanalipwa kwa fedha ya waliochelewa kuingia, na mwenye madeni ndiye huingia akiwa amechelewa, kwa sababu ndiye mwenye haraka. Vivyo hivyo na kazi yoyote inayokudai ada ya kujiandikisha kabla hujaifanya.

Usichukue jioni zote. Chukua tatu kwa wiki, na siku moja ibaki tupu kabisa. Mtu anayekosea tarakimu kwa usingizi hafai kuandika hesabu za watu, na ukosee mara moja tu kwenye kitabu cha mteja utatumia usiku wako wa mapumziko kutafuta kosa bila malipo. Weka pia mahali pa kusimama. Deni la simu likiisha, pumzika wiki moja kisha uamue upya kama unaendelea kwa ajili ya benki au unapunguza wateja.

Jambo moja hukuliandika, nami nimelitafuta barua nzima: mkeo anajua? Jioni hizo ni zake pia, na ni za mtoto. Akisikia kwa mtu mwingine kwamba kuna deni la simu, atajiuliza unapokuwa nje unafanya nini. Mwonyeshe karatasi yenye madeni yote matatu, riba zake na tarehe zake, mpange jioni zipi mnaziachia kazi. Nina hakika atakuwa na la kusema kuhusu matumizi ambayo mimi na wewe hatuyaoni.

Ukishatoka benki na majibu yale, nipigie usiku baada ya chakula. Baba yako atakuwa na kikokotoo tayari.

Mama yako