Maswali na Majibu: “Rollin’ and Tumblin’” ni Wimbo wa Nani?

Nani alitunga ule wimbo wa blues, “Rollin’ and Tumblin’”? Santuri yangu imeandikwa Muddy Waters.

Mnaniuliza hili kila mara, na kila mara shahidi wenu ni kibandiko cha santuri. Kibandiko kinakuambia nani analipwa, basi. Hambone Willie Newbern aliurekodi Atlanta mwaka 1929 kwa kampuni ya OKeh, ukiitwa “Roll and Tumble Blues”. Mwaka mmoja kabla, kundi la Gus Cannon la Memphis lilikwisha kuyatumia mahadhi hayo kwenye “Minglewood Blues”. Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues, naye akayavalisha maneno mengine mwaka 1936. Muddy aliurekodi Chicago mwaka 1950, tena mara mbili: kwanza alipiga gitaa tu, Baby Face Leroy Foster akiimba na Little Walter akipuliza kinanda cha mdomo, kwa kampuni ndogo ya Parkway. Leonard Chess alipopata habari akamrudisha studio auimbe mwenyewe kwa kampuni yake Chess, Aristocrat. Tafuteni ule wa Leroy. Ndio mtamu zaidi. Kundi la Cream, mwaka 1966, lilimtaja Muddy kuwa mtunzi. Bob Dylan, mwaka 2006, alibadili maneno mengi akajiandika mtunzi. Newbern hayumo popote.

Ni kweli Robert Johnson aliuza roho kwa shetani njiapanda?

Hapana. Kisa hicho LeDell Johnson alikisimulia kuhusu ndugu yake Tommy Johnson, mwanablues mwingine kabisa.

Delta inayotajwa kwenye blues ndiyo kule New Orleans?

Si mdomo wa mto kama Rufiji. Ni bonde tambarare kati ya Mississippi na Yazoo, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi. Newbern mwenyewe ni wa Tennessee, kwa hiyo hata hilo jina “wimbo wa Delta” mlitumie kwa tahadhari.

Napiga gitaa kwa slaidi (kile kibomba cha kuvaa kidoleni) lakini inatoka kelele, na wimbo haufanani.

Shusha uzi wa 6, wa 5 na wa 1 toni moja nzima: kuanzia uzi mnene upate D-G-D-G-B-D. Ukitaka A, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya pili, yaani chuma cha pili cha shingo la gitaa; ukipandisha nyuzi badala yake unaweza kuzikata. Vaa slaidi kidole cha mwisho, iguse uzi juu ya chuma chenyewe cha freti bila kukandamiza, na vidole vingine uvilaze nyuma yake kuzima mlio. Kelele zako zinatoka huko nyuma. Uzi wa kwanza wa inchi 0.010 ni mwembamba mno, slaidi inagonga freti, weka 0.013.

Kutofanana ni kwa sababu unaanzia G. Wimbo huu unaanzia C, freti ya 5, ndipo unashuka G.