Maswali ya Wasomaji: Kutengeneza Disko Hausi Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza uprodyuza nyumbani kwa kompyuta na hedifoni, na muziki unaonivutia zaidi ni hausi (muziki wa dansi wa kielektroniki) iliyojengwa juu ya vipande vya nyimbo za disko. Nimekata kipande cha wimbo wa mwaka 1979, nikakirudiarudia na kuweka kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, chini yake, lakini baada ya muda mfupi kiki na kipande vinapishana, besi inavuma ovyo, na kila anayesikiliza anachoka kabla ya dakika mbili. Je, ninunue vifaa gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usinunue chochote, kwa sababu matatizo yako yote matatu yanatokana na namna ulivyokikata na kukipanga kipande hicho.

Nyimbo nyingi za disko za wakati ule zilipigwa na mpiga ngoma aliyekuwa akiharakisha kidogo hapa na kulegeza pale, ilhali kompyuta haiyumbi. Weka alama kwenye pigo la kwanza la kila fungu la mapigo manne, kisha uiamuru programu ivute kila fungu lilingane na mwendo wako, ambao kwa muziki huu huwa kati ya mapigo 118 na 126 kwa dakika. Ukipandisha wimbo kutoka mapigo 110 hadi 123 kwa kuuzungusha haraka tu, kama santuri, sauti nayo itapanda karibu nusu-toni mbili; wapo wanaoiacha hivyo makusudi, nami naona mara nyingi inapendeza.

Kuhusu besi, kumbuka kwamba kipande kimekuja na kiki yake na gitaa lake la besi, na wewe umeongeza vingine juu yake. Ondoa sauti zote nzito za kipande, zilizo chini ya hezi 150 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba na uzito wa sauti), halafu upige besi yako mwenyewe. Baada ya hapo weka kompresa, yaani kipunguza nguvu ya sauti, juu ya kipande, lakini iongozwe na kiki, ili kila kiki inapogonga kipande kinywee na kuinuka tena. Mpumuo huo ndio unaowachezesha watu. Makofi yakae kwenye pigo la pili na la nne, na hai-hati (matoazi mawili ya seti ya ngoma) iliyo wazi iingie katikati ya kiki na kiki.

Suala la kuchosha ndilo gumu zaidi. DJ Frankie Knuckles, aliyeanza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse mjini Chicago mwaka 1977, alikuwa akikata na kuunganisha kanda za disko ili kurefusha sehemu ambazo wachezaji walizipenda, na aliendelea na kazi hiyo hata baada ya santuri za disko kulipuliwa hadharani na wapinzani wa muziki huo katika uwanja wa Comiskey Park, mjini humo humo, tarehe 12 Julai 1979. Ufaransa nako, kundi la Stardust lilitoa mwaka 1998 wimbo uliosimama karibu wote juu ya kipande kifupi cha gitaa kutoka katika wimbo wa mwimbaji Chaka Khan wa mwaka 1981. Kipande hakibadiliki, kinachobadilika ni filta, yaani chujio linalozuia sauti nyembamba. Ukiifunga, muziki unasikika kama wa harusi ya nyumba ya pili, na ukiifungua polepole kwa mafungu 16, ambayo kwa mapigo 120 ni sekunde 32, msikilizaji anaanza kungoja. Kabla haijafunguka kabisa, nyamazisha kiki kwa fungu moja. Hata hivyo, filta haiwezi kuokoa kipande kibovu: chagua mahali pasipo na mwimbaji, ambapo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya mwisho haijatulia, ili sikio lenyewe lidai kurudi mwanzo.

Ukitaka kuuza kazi hiyo, utahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi, hata kama umechukua sekunde mbili tu. Mimi ningechukua njia nyingine: Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe, haukosi mpiga gitaa. Mpe hedifoni yenye mlio wa mapigo 120 kwa dakika, mwombe apige mafungu manane ya kitu alichokibuni mwenyewe, mkubaliane mapema kuhusu mgawo wake, kisha uikatekate rekodi hiyo kama ulivyofanya ule wimbo wa 1979.