"Wa saba anapona, wa nane hakai": naomba leo tulimalize hili

SWALI: Shikamoo sista. Nina miaka 23, naishi Mbagala, huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Tarehe yangu ya kujifungua ilikuwa mwezi ujao mwishoni ila chupa ilipasuka usiku ghafla tukakimbia hospitali, nikajifungua nikiwa na wiki 33, mtoto kilo 1.75. Tumekaa wodini wiki tatu, juzi tumeruhusiwa ana kilo 2 na ananyonya mwenyewe. Sasa nyumbani mama mkwe hana raha, anasema angekuwa wa miezi saba tusingeogopa ila wa miezi nane huwa hakai. Jirani kaleta mafuta na dawa ya kunywesha kutoka Kariakoo, elfu thelathini na tano, eti inakomaza mtoto. Pia wameniwekea jiko la mkaa chumbani asipate baridi. Nimpe hiyo dawa? Na je, ni kwa sababu nilikuwa nabeba ndoo za maji?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kabla hujaendelea kusoma nyanyuka utoe hilo jiko nje. Uende kwanza, mi nakusubiri.

Haya. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ambayo haina harufu wala rangi, inawalaza watu wazima wasiamke, sembuse mtoto wa kilo 2 ambaye mwezi haujaisha tangu aanze kutumia mapafu yake. Najua mama mkwe ana nia nzuri na najua wazazi wengi wa Pwani wamelelewa uzazi na jiko pembeni. Ila kwa njiti hapana.

Sasa tuje kwenye hili la saba na nane, maana kusema kweli linanichosha. Wodini kwetu halipiti juma sijalisikia, na linasemwa na watu wa kila aina, bibi wa kijijini, mwalimu, hadi baba mwenye digrii anakuja na simu mbili mkononi ananiuliza kwa kunong'ona "sista, kwani huyu ni wa saba au wa nane?" kana kwamba nikimjibu wa nane ataanza kuulizia bei ya sanda.

Tuhesabu pamoja. Wiki 33 ni siku 231. Ukihesabu kwa kalenda ya ukutani hiyo ni miezi saba na wiki mbili na nusu hivi, kwa hiyo mwanao ni wa saba. Ukihesabu kwa ule mtindo wa mwezi mmoja wiki nne, ambao ndo wengi wanatumia, ni miezi nane na wiki moja, kwa hiyo mwanao ni wa nane. Mtoto ni yuleyule, kilo zilezile, amelala hapo hapo. Sasa niambieni, atapona au hatapona kutegemeana na nani kashika kalenda? Ndo maana sisi kazini hatutumii miezi kabisa, tunatumia wiki, na wiki zenyewe tunazipata kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho au kwenye ultrasaundi ya mapema.

Na ukweli ni kinyume kabisa cha huo msemo. Kila wiki mtoto anayokaa tumboni inamuongezea nafasi ya kuishi, hakuna wiki ambayo inarudi nyuma. Wa wiki 28 ana hali ngumu kuliko wa 30, wa 30 ana hali ngumu kuliko wa 33, na wa 36 anakaribia kabisa kuwa kama wenzake ingawa bado ni njiti, maana njiti ni yeyote anayezaliwa kabla wiki 37 hazijatimia. Chukua mapafu. Ndani ya vile vifuko vya hewa kuna ute ambao unavizuia visishikamane kila mtoto anapotoa pumzi, unaanza kutengenezwa kama wiki ya 24 na unakuja kutosha vizuri kwenye wiki ya 34 au 35. Chukua kunyonya, ile kupanga kunyonya, kumeza na kupumua bila kupaliwa inakaa sawa kwenye wiki ya 34 hivi, ndo maana mwanao siku za mwanzo mlimlisha kwa mrija au kikombe na sasa anavuta mwenyewe. Hakuna kiungo kinachokomaa mwezi wa saba kikaharibika mwezi wa nane kikakomaa tena wa tisa, jamani, huo mwili ungekuwa wa namna gani?

Mtaniuliza basi huu msemo umetoka wapi. Ni mzee sana na wala sio wetu peke yetu, Wagiriki wa kale walikuwa nao, kwenye maandishi ya tiba yanayopewa jina la Hippocrates kuna andiko zima kuhusu mtoto wa mwezi wa nane na kwa nini haponi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huku kwetu naona unaishi kwa sababu mbili. Ya kwanza, wa saba aliyepona anasimuliwa kwenye kila harusi na kila kikao cha ukoo, "huyu unayemuona alikuwa wa saba huyu", wale wa saba waliozikwa kimyakimya hakuna anayewataja. Ya pili, na hapa wengine mtanuna, wapo wa saba ambao hawakuwa wa saba. Ndoa ina miezi saba, mtoto kazaliwa kilo 3.4, kucha zimepita ncha za vidole, kichwani nywele tele, halafu ukoo mzima unakubaliana ni wa saba na Mungu ni mkubwa. Sawa, Mungu ni mkubwa na mi sigombani na ndoa ya mtu, ila msije mkamtumia huyo kama ushahidi wa kitabibu.

Ningekuwa nacheka tu kama huu msemo haungekuwa na madhara. Lakini mama akiambiwa wa nane hakai anakata tamaa, anaacha kukamua maziwa kila saa mbili au tatu, maziwa yanapungua, mtoto anapoteza uzito, halafu mnasema "si tulisema". Upande wa pili mama wa mtoto wa wiki 30 anaambiwa huyo wa saba ana nguvu usiwe na wasiwasi, anaomba kuondoka kabla ya muda, mtoto anapoa njiani kwenye bajaji. Huu msemo unaua kotekote.

Kuhusu hiyo dawa ya elfu thelathini na tano, usimpe. Sijui ndani kuna nini na hata anayeuza hajui, na huo ndo msimamo wangu wote. Hakuna dawa ya kunywesha inayokomaza mtoto akishazaliwa, mtoto anakomazwa na joto, maziwa ya mama na muda. Na isiwe hiyo tu, usimpe maji, usimpe glukosi, usimpe asali, usimpe maziwa ya ng'ombe hata ya kuchanganya na maji, usimpe ile dawa ya tumbo ya chupa inayouzwa kila duka. Utumbo wa njiti ni mwembamba na haujawa tayari, ukimuwekea vitu vya ajabu unaweza kuvimba na kuoza vipande, na huo ugonjwa ukianza hata kwenye hospitali kubwa tunahangaika nao. Anachohitaji zaidi ya maziwa yako ni yale matone ya madini ya chuma na vitamini uliyoandikiwa ukiruhusiwa, hayo mpe kama ulivyoelekezwa, usiongeze wala kupunguza.

Mafuta nayo usimpake hayo, ngozi yake inapitisha vitu kirahisi kuliko ya mtu mzima.

Sasa joto, maana najua jiko limetoka na mama mkwe anauliza "kwa hiyo apigwe na baridi?" Swali zuri. Watu wanadhani Dar kwa joto hili mtoto hawezi kupoa, si kweli, hata Januari wewe unatokwa jasho yeye anaweza kuwa wa baridi kwa sababu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi na joto linamtoka haraka kuliko analotengeneza. Mwili wake unatakiwa uwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Heater yake ni wewe. Mvue abaki na nepi, kofia na soksi, muweke kifuani kwako katikati ya matiti, wima, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama chura, shavu limegeuka upande ili pua iwe wazi, halafu mfunge na khanga iwe imebana vizuri juu ya hapo vaa nguo yako. Hiyo ndo kangaruu ambayo naamini ulifundishwa wodini, tatizo watu wakifika nyumbani wanaona ni mambo ya hospitali, wanamlaza kitandani na mablanketi matano. Endelea nayo masaa mengi kadiri unavyoweza, usiku na mchana, Shirika la Afya Duniani linasema masaa 8 hadi 24 kwa siku. Ukitaka kuoga au kulala kidogo, baba yake ana kifua, mama mkwe ana kifua, mpe na yeye ambebe, nakuhakikishia huko kulalamika kutapungua. Chupa za maji ya moto pembeni ya mtoto hapana, nimeona majeraha ya kuungua ambayo sitaki kuyaelezea hapa.

Na msidhani kangaruu ni mbadala wa maskini aliyekosa inkubeta, ile mashine ya kumpa mtoto joto. Ni kweli ilianzia Bogotá huko Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu inkubeta zilikuwa hazitoshi. Ila utafiti uliotoka mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Dar es Salaam, ulichukua watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, yaani saizi ya mwanao, wengine wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa wengine wakasubiri hali itulie kwanza. Waliowekwa mapema vifo vilipungua kwa kama robo. Sasa linganisha hiyo na chupa ya Kariakoo isiyo na hata lebo.

Ndoo za maji, hapana mdogo wangu, jiondolee huo mzigo. Wala sio bodaboda na hujarogwa. Chupa kupasuka mapema mara nyingi ni maambukizi, ya mkojo au ya njia ya uzazi, kwa wengine wanaozaa njiti ni presha, malaria, mapacha, shingo ya kizazi kulegea, na mara nyingi tu sababu haipatikani. La maana ni mimba ijayo, kwa sababu ukishapata njiti mmoja uwezekano wa kupata mwingine unaongezeka, kwa hiyo pumzika kama miaka miwili, halafu ukishika mimba anza kliniki kabla ya wiki 12 na hilo ndo liwe jambo la kwanza kumwambia nesi.

Mengine haraka haraka. Umri wake uwe unatoa wiki saba unapomlinganisha na watoto wa jirani, akifika miezi mitano mhesabie kama wa mitatu na kidogo, kwa hiyo asipokaa au kugeuka wakati wenzake wanafanya hivyo usianze kutafuta mchawi. Kwenye chanjo usitoe hizo wiki saba, anapata kwa tarehe aliyozaliwa kama watakavyokupangia kliniki. Kama umeajiriwa, sheria ya kazi ilirekebishwa 2025, mama wa njiti anaongezewa likizo kufidia zile wiki zilizobaki kufika 40, muoneshe bosi.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo, sio kesho, ukiona amekataa kunyonya au amelegea, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au mbavu zinabonyea ndani, anasimamisha pumzi, amekuwa wa baridi na hapati joto hata kifuani, ana homa, amekuwa wa njano mpaka viganjani na nyayoni, au anapata degedege. Usipite kwa yule jirani wa dawa kwanza "ajaribu". Watoto wengi tunaowapokea wakiwa wamechelewa, njiani walipitia kwa mtu wa kujaribu.

Na ninyi mnaosoma hapa mkiwa bado wajawazito, hasa wa mimba ya kwanza ambao hamjui uchungu unafananaje. Ukiwa hujafika wiki 37 ukasikia tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, mgongo unauma chini unakuja na kuondoka, maji yanatoka hata kama ni kidogo kidogo, au damu, usikae kusubiri kupambazuke na usinywe chai ya mwarobaini wala mzizi wa mtu. Kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni, anachomwa mama, zinasaidia mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34, lakini zinataka muda kufanya kazi, zinafanya vizuri zaidi ukizipata siku nzima kabla ya kujifungua. Hiyo ndo dawa pekee ninayoijua ya kukomaza mtoto, na ukifika kichwa cha mtoto kinaonekana sina pa kuichomea. Kuna mama mmoja alikaa nyumbani kutwa nzima na maumivu kwa sababu shangazi yake alimwambia "kama ni wa saba hana shida". Beba kadi ya kliniki, khanga mbili safi na kofia ya mtoto, mwambie dereva wa bajaji hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, zahanati ya karibu ni kama hakuna namna nyingine, na ukifika pale mapokezi taja wiki zako, usitaje miezi.