Kwa mliohamia pwani: kazi za bustanini na nyumbani msimu wa kaskazi

Mvua za vuli zikiisha na upepo wa kaskazi ukishika, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, wageni wengi huku Tanga huipa bustani mgongo. Mchicha umekauka, bamia zimedumaa, basi wanasema watangoja masika. Msingoje. Hii ndiyo miezi yenye kazi nyingi kuliko yote, na masika huwakuta watu kama walivyojiandaa.

Mimi nilitoka Lushoto nikanunua kiwanja upande wa Tongoni, kando ya barabara ya Pangani. Mwaka wa kwanza niliinua matuta kama ya kwetu milimani, nikapanda mchicha na nyanya chungu. Nilikuwa namwagilia alfajiri, ikifika saa sita tuta zima limekuwa vumbi. Bibi jirani alipita akasimama kuangalia. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Huku kiangazi tuta hatulipandishi, tunalizamisha. Mchanga huu hauna tumbo."

Alinionyesha mwenyewe. Unachimba kitalu kwenda chini, kina cha jembe moja na nusu. Chini unapanga makumbi ya nazi, upande wa ndani ukiangalia juu kama vikombe, unayalowesha kwa ndoo mbili tatu mpaka yashibe. Juu yake unarudisha udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza, lakini usijaze hadi usawa wa ardhi. Acha kitalu kibaki chini kidogo ili maji yasikimbie. Kisha funika kwa majani makavu. Siku ya tatu ingiza kidole chini ya hayo majani: utakuta ubaridi, na mchanga unagandamana. Chomoa kidole uende hatua mbili pembeni, penye udongo mtupu, ujaribu tena. Tofauti hiyo ndiyo mboga yako ya Februari.

Kwa hiyo naomba sana, acheni kuchoma majani. Kila jioni naona moshi kwenye viwanja vya wageni, majani ya mwembe na mkorosho yanateketea, na kesho mtu huyohuyo ananunua maji ya dumu. Mnaogopa mchwa, najua, na mchwa wapo kweli. Weka majani mbali kidogo na shina, na usiyalundike ukutani kwa nyumba, hasa kama ni ya udongo na miti.

Kumwagilia ni alfajiri au baada ya alasiri, na ni pale shinani. Wenye visima karibu na bahari wawe waangalifu zaidi. Maji baridi ni mepesi, yanakaa juu ya maji ya chumvi. Ukiweka pampu ukavuta kwa pupa wakati wa kiangazi, chumvi inapanda. Chota kidogo asubuhi, kidogo jioni, na uonje kabla ya kumwagia miche.

Sasa minazi. Ukiona kuti changa limefunguka likiwa limekatwa kama kwa mkasi, pembe kwa pembe, huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Hutoboa kwenye kilele, na akifika moyoni mnazi mchanga hufa. Chunguza shimo lenye nyuzi nyuzi zilizotafunwa mlangoni, ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoana, zungusha taratibu, vuta. Utamsikia akikwaruza kabla hujamwona. Ila kumtoa mmoja hakusaidii kama umeacha gogo la mnazi linaoza uani, kwa sababu humo ndimo anamozaliana, na kwenye lundo la samadi pia. Mimi nilipoteza miche minne kabla sijapasua gogo lililokuwa nyuma ya jiko. Ndani mlikuwa na mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja. Kuku waliyamaliza siku hiyohiyo.

Hao kuku nao wachanjwe mdondo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Changianeni chupa na majirani mchanje siku moja. Maji yao yawe kivulini.

Mashimo ya kupanda masika yachimbwe sasa, si mvua ikishaanza. Kwa mnazi, sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, mita 9 kutoka shimo hadi shimo. Udongo wa juu weka upande wake, uchanganye na samadi, urudishe, uache utulie.

Na paa. Kama umeezeka kwa makuti, ingia ndani saa sita mchana, funga mlango na madirisha, tazama juu. Kila panapopenya nukta ya mwanga patavuja. Chukua kijiti kirefu chenye chokaa nchani, utie alama kwenye fito iliyo karibu, umwite fundi Januari. Machi mafundi wote wana miadi, na makuti yenyewe yanakuwa ghali. Wenye mabati wakwangue majani kwenye mifereji na waoshe tangi. Mvua ya kwanza ikinyesha, geuza bomba pembeni maji yaende kwenye migomba, kwa sababu yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi mitatu. Yanayofuata ndiyo uyaruhusu yaingie tangini.